Hita ya gari ikitoa upepo wa baridi, anza na maji ya injini

Nilipohamia Njombe kikazi, nilikuja na gari dogo nililolinunua mkononi mwa mtu Dar es Salaam, na kwa muda wote lilipokuwa pwani sidhani kama kuna aliyewahi kuwasha hita yake. Mwezi Julai ulipofika ndipo nilipoihitaji. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umeshuka hadi barabarani, na mama yangu amekaa kiti cha mbele akiwa amejifunika blanketi, tukielekea Makete. Nilizungusha kitufe hadi mwisho wa alama nyekundu na kuongeza feni, lakini upepo uliotoka ulikuwa wa baridi kama ule wa nje. Kioo cha mbele kilizidi kujaa ukungu kwa ndani, nikawa nakifuta kwa kitambaa kwa mkono mmoja huku nikishika usukani kwa mwingine, mpaka nikaona ni hatari na kuegesha gari kando kusubiri jua. Wanaodhani hita ni anasa hawajaendesha gari asubuhi ya aina hiyo.

Hita ya gari la kawaida la petroli au dizeli haitengenezi joto lake yenyewe, bali huazima joto la injini. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo inayoletewa maji ya moto ya injini kwa mpira mmoja na kuyarudisha kwa mpira wa pili, na feni hupuliza hewa kupitia rejeta hiyo kuelekea kwa abiria. Kwa hiyo, ikiwa injini imekwisha kuzunguka kwa robo saa na hewa bado ni ya baridi, ama maji hayafiki kwenye rejeta ndogo, ama yanafika bila joto la kutosha, ama hewa haielekezwi kupita hapo. Ikiwa hakuna upepo kabisa, hilo ni suala la feni au fyuzi yake, na ushauri huu haulihusu.

Anza kwa kuangalia kama maji yamejaa kwenye rejeta kubwa ya injini, asubuhi, kabla hujawasha gari. Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji yaliyobanwa kwa shinikizo huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua yatakurukia usoni. Wala usiridhike na kuangalia chupa ya akiba peke yake, maana mfuniko uliochoka huacha kuvuta maji kutoka kwenye chupa, ikabaki imejaa wakati rejeta ina upungufu. Kwetu huku juu mfuniko huo una uzito wa pekee: kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo gari lenye mfuniko mbovu hukaribia kuchemsha mapema kuliko lingekuwa Dar. Ikitokea hita iliyokuwa ikitoa joto imegeuka baridi ghafla ukiwa mlimani, na mshale wa joto unapanda, simama hapo hapo na uzime injini. Mara nyingi maji yamepungua, na ukiendelea unaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake.

Maji yakiwa kamili, washa injini hadi ipate joto, kisha fungua boneti na uguse kwa tahadhari, mbali na feni na mikanda, mipira miwili inayoingia kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, maji hayapiti: rejeta ndogo imeziba kwa kutu, au valvu ya maji ya hita, kwa magari yaliyo nayo, imefungwa au waya wake umechomoka. Yote miwili ikiwa ya moto, tatizo liko ndani ya dashibodi, kwenye kile kibamba kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi. Angalia pia kama mipira hiyo bado inafika kwenye hita. Nimeona magari ambayo rejeta ndogo ilipovuja, fundi aliunganisha mipira miwili uso kwa uso na kumrudishia mwenyewe gari bila hita.

Kwangu mipira yote miwili ilikuwa vuguvugu tu. Nikakumbuka jambo nililokuwa nikiliona kila siku bila kulitilia maanani: mshale wa joto ulipanda nilipokwama mjini na kushuka karibu hadi chini nilipoteremka mlima. Fundi alifungua boliti mbili za kasha la themostati, akalivuta, na ndani hapakuwa na kitu. Mtu aliiondoa zamani, ili gari lisichemshe.

Desturi hii imeenea kwenye gereji nyingi, na mimi naipinga kwa moyo wote. Themostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate joto lake la kazi. Ikiondolewa, maji hupoozwa muda wote, kompyuta ya gari huendelea kumimina mafuta mengi kana kwamba injini ndiyo kwanza imeamka, oili huchafuka mapema, na hita haipati joto la kuazima. Kama gari lilikuwa linachemsha, chanzo chake kilikuwa kwingine, kwenye rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji au mfuniko, na bado kipo.

Tulinunua themostati mpya iliyoandikwa 82, yaani nyuzi za joto inapoanza kufunguka, na kabla ya kuifunga tuliining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, tukaona ikianza kufunguka taratibu maji yalipokaribia kuchemka. Tulisafisha njia za maji hadi rangi ya kutu ilipokwisha, tukajaza kulanti, dawa ya kupoozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, kisha tukaegesha gari pua ikitazama juu ya kilima, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, tukaiwasha injini ikiwa baridi bila mfuniko na kuongeza maji kidogo kidogo hadi mapovu yalipoisha. Usiruke hatua hiyo ya mwisho, kwa sababu hewa iliyonaswa kwenye rejeta ndogo inatosha kuifanya hita nzima ipulize baridi. Mapovu yasipokoma, na maji yakawa yanapungua bila kuonekana yanapovujia, mwombe fundi apime gasketi ya silinda hedi kabla hujasafiri tena.

Safari iliyofuata ya Makete, mshale ulisimama katikati kwenye mpando na kwenye mteremko, na mama alilikunja blanketi na kuliweka kiti cha nyuma.