Usianze na Chui Milia

Kila muhula wanafunzi wapya wanapoingia studio, hazipiti wiki nyingi kabla chui milia hajatokea ukutani. Anakuja na ndege wake wa jamii ya kunguru juu ya msonobari, vilevile alivyo kwenye minhwa, michoro ya watu wa kawaida ya enzi ya Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, ila safari hii kavurugwa kwa brashi pana na kuitwa dhahania, yaani picha isiyoonyesha kitu kinachotambulika. Nilisomea uchoraji hapa Seoul na sasa nasaidia kuwafundisha wanaoanza. Nyinyi mnaokuja kutoka nyumbani, kwa ufadhili au kwa nauli ya mjomba, nawaambia mapema: huyo chui mwacheni kwanza. Ukimfifisha, umemfifisha tu.

Msidhani ni ugeni wenu. Wakorea wenyewe wanaingia humohumo, hasa waliozaliwa Marekani au Ujerumani wakarudi kutafuta asili ya wazazi wao. Wanashika dokkaebi, lile zimwi linalosemekana hutokana na ufagio uliochakaa, au dubu wa hadithi ya Dangun, mwanzilishi wa Korea katika ngano, aliyekaa pangoni akila vitunguu saumu na majani ya jamii ya pakanga hadi akawa mwanamke. Hadithi tamu, nami nazipenda. Shida ni kwamba mtazamaji akishamtambua dubu, haangalii tena rangi. Anasoma hadithi anayoijua, basi, anapita.

Kinachokufaa kwenye uchoraji dhahania ni kazi yenyewe ya wazee: mkono ulirudia nini, kitu kiliwekwa wapi, nyenzo iligoma wapi.

Chukua jogakbo. Wanawake wa Joseon walikusanya mabaki ya nguo wakayaunga kwa sindano, wakapata vitambaa vya kufunikia chakula na kufungia vitu. Ukiona kimoja makumbusho, hasa cha ramie nyepesi, kitambaa cha nyuzi za mmea, simama mahali ambapo mwanga unakipenya. Mishono imekunjwa ndani, kwa hiyo pale kitambaa kilipopandana panaonekana mistari iliyokolea. Chora mistari hiyo peke yake, acha rangi. Utagundua hakuna aliyepima kwa rula akagawa sawasawa. Kipande kilichokuwepo ndicho kilichoamua jirani yake awe na ukubwa gani. Zoezi ninalowapa wapya ni hilo: kata mabaki ya karatasi, yaunge bila mpango, na usikate kipande kipya ili kujaza pengo. Wengi wanachukia. Wanaovumilia wanaanza kupanga turubai lao kwa namna ambayo hakuna kitabu kingewafundisha.

Mfano mwingine upo mezani. Siku za Seollal, mwaka mpya wa jadi, na Chuseok, sikukuu ya mavuno, familia nyingi huandaa chakula cha kuwakumbuka waliotangulia, na vyombo havitupwi ovyo. Upande wa mababu huhesabiwa kuwa kaskazini hata kama dira inasema vingine, hivyo ukiwa umewaelekea, mashariki ni mkono wako wa kulia. Kanuni inayotajwa sana ni matunda mekundu mashariki, meupe magharibi. Samaki mashariki, nyama magharibi. Nyumba nyingine hupanga tofauti, na Wakorea wenyewe husema kila nyumba ina desturi yake. Kwa mchoraji hapo pana mpangilio mzima uliokwisha kutungwa, wenye uzito, pande na sababu, na hujachora hata tunda moja. Ukialikwa, usipige picha. Saidia kubeba sahani, mkono utakumbuka.

Rangi tano za jadi za Korea, obangsaek, nazo zina pande zake: buluu mashariki, nyeupe magharibi, nyekundu kusini, nyeusi kaskazini, njano katikati. Wapya huzimwaga zote tano kwa nguvu moja, kazi ikafanana na bango la utalii. Chagua mbili, zipe pande zake, zigombane.

Sasa wachoraji dhahania wenyewe wa Korea. Kazi zao msiziangalie kwenye simu tu, nendeni mkazione ana kwa ana. Park Seo-bo, aliyefariki 2023, alianza mfululizo wake wa mistari ya penseli mwaka 1967 baada ya kumwangalia mwanawe mdogo akihangaika kuandika kwenye daftari la miraba. Mtoto hayumo kwenye picha; umo mchakuro wake. Ha Chong-hyun tangu miaka ya 1970 anasukuma rangi ya mafuta kutoka nyuma ya kitambaa cha gunia hadi ichomoze mbele kupitia nyuzi. Gunia lilikuwa kitu cha maisha ya baada ya vita, na hakuhitaji kuchora vita.

Ninayewasimulia zaidi ni Rhee Seundja. Aliondoka Korea 1951, katikati ya vita, akaenda Ufaransa, ndoa imevunjika, wanawe watatu wamebaki nyuma. Hakuwaona hadi 1965. Kazi zake za miaka ile, alizozifunga kwenye wazo la mwanamke na ardhi, zimejaa alama fupifupi za brashi, safu kwa safu, rangi juu ya rangi. Mwenyewe alieleza kwamba kila alama aliiwaza kama kuwalisha wanawe. Simama mbele ya kazi hizo ukijua hilo, na urithi wa familia unapata sura nyingine kabisa. Hakuna uso wa mtoto hata mmoja, wala mama, wala chungu, lakini ulezi wote umo, kwa sababu umo kwenye kurudia. Mimi namweka juu ya wanaume wengi wanaotajwa kabla yake, na walimu wengine hawapendi nikisema hivyo.

Nyenzo, kwa kifupi. Hanji, karatasi ya magome ya mforosadi, ina upande laini na upande wa kukwaruza. Uguse kabla hujapaka. Ikilowa haichaniki upesi kama unavyodhani, ndiyo maana Park aliweza kuilowesha na kuisukuma ikafanya matuta. Kuhusu rangi ya mafuta juu ya kitambaa kisichopakwa gundi: Yun Hyong-keun, mchoraji mwingine wa Korea, alifanya hivyo, mafuta yakatambaa pembeni ya rangi yake nyeusi yakaacha ukungu mzuri. Lakini mafuta hula nyuzi kadiri miaka inavyopita. Jua hilo kabla hujamuuzia mtu.

Kama unataka kusikia mambo ya kale kwa bibi wa rafiki yako, muite halmeoni, yaani bibi, usimtaje jina, na ukipewa kitu pokea kwa mikono miwili, jambo ambalo wengi wetu tumelelewa nalo. Usimuulize kama anaamini mazimwi. Muulize alikunja vipi, alifunga nini, alisaga kwa jiwe gani. Atakuonyesha, na akishika kitambaa hadithi zitakuja bila kuombwa.

Mwisho, majina ya kazi. Wapya huandika jina refu linaloeleza ngano nzima, kana kwamba wanaogopa tusielewe. Mchoraji Kim Whanki, aliyezaliwa kisiwa cha Anjwa, Korea, na kufia New York 1974, kazi yake kubwa ya nukta za buluu ya 1970 aliipa jina kutoka kwenye shairi la rafiki yake, mstari mmoja tu unaouliza tutakutana wapi tena na kwa sura gani. Nyingi zilizofuata alizipa tarehe na namba, kama 05-IV-71 #200, ambayo mwaka 2019 iliuzwa mnadani Hong Kong kwa takriban dola milioni 13. Wiki yako ya kwanza, andika tarehe na namba nyuma ya turubai, halafu uje darasani tuangalie.