Arusha: mimi jibu langu ni AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, sio yale maghorofa ya vioo

Swali lenu la wiki hii linauliza jengo gani limebadilisha zaidi sura ya mji wako tangu ukiwa mdogo mpaka leo. Najua watu wa Dar watajaza kurasa na maghorofa yao ya Posta, sawa, ila na sisi wa Chuga mtuachie kanafasi.

Kwanza mjue kwetu huku juu kulishawahiwa. Mlima Meru una mita 4,566 na mji uko kama mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, kwahiyo juu ya mabati yetu kuna kilomita tatu nzima za mlima, wewe njoo na ghorofa zako kumi na tano, mlima hata haujui kama umejenga. Kinachobadilika kwetu ni kama ukisimama barabarani bado unauona au umeshazibwa. Zamani ukishuka kwenye kifodi, yaani daladala zetu, pale barabara ya Sokoine unageuza shingo tu unauona wote, maana maduka yalikuwa ya chini, yale ya Wahindi yenye jina la familia na mwaka wa kujengwa umechorwa kwa plasta juu kabisa ya ukuta. Machache bado yapo. Kuna moja nalipita nikienda kazini, mwaka wake imebaki 19 peke yake, namba mbili za mwisho zimefunikwa na bango la wakala wa pesa, na nyuma yake umepanda ukuta wa kioo cha bluu mpaka huko juu, Meru kwishney.

Sasa AICC. Vijana watanicheka maana sio refu kivile na wala haling'ai. Liko pale nyuma ya boma la Wajerumani, ambalo siku hizi ni makumbusho, na lilijengwa miaka ya 70 liwe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, majengo matatu yakaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Alafu 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika! Yani nondo mmeshafunga, zege mmeshamwaga, mwenye nyumba hayupo. Mwaka uliofuata ikaundwa AICC, pakawa mahali pa mikutano na ofisi za kupangisha, na hapo ndo stori inaponoga, kwasababu mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuja kukaa humo miaka ya 90 mpaka ikafunga kazi mwishoni mwa 2015, na Jumuiya ilipofufuka mwaka 2000 ikarudi pale pale, safari hii kama mpangaji, kwenye majengo iliyojengewa yenyewe, mpaka 2012 ilipofungua makao yake mapya. Sijui mji mwingine wenye kituko kama hiki.

Na wale wapangaji ndio waliogeuza mji kuliko hata zege lenyewe. Watu wa mahakama walikuwa wanalipwa dola, wanataka nyumba yenye geti, maji ya uhakika na jenereta, wenye viwanja Njiro wakaamka, kodi zikapanda, hoteli zikaongezeka, na sisi tusiolipwa dola tukasogea pembeni kidogo kidogo. Ndo maana nasema AICC, ukiliondoa hilo nusu ya yaliyofuata yasingekuwepo.

Maghorofa ya kati, yaliyokuja baada ya AICC na kabla ya haya ya vioo, nayapita haraka ila kuna kitu watu hawakisemi. Maghorofa ya kwanza ya kisasa mnayoyaona mjini, Mafao House ya NSSF kule Old Moshi Road, PPF Plaza na wenzake, ni ya mifuko ya pensheni, hayakujengwa na tajiri yeyote, ni makato ya mishahara. Mfuko wa pensheni unapokea michango kila mwezi na wengi wa kuwalipa bado wana miaka mingi kazini, hela haiwezi kukaa tu, ikawekwa kwenye majengo karibu kila mji mkubwa nchini. PPF wenyewe 2018 waliunganishwa na mifuko mingine mitatu, PSPF, LAPF na GEPF, ikawa mfuko mmoja wa PSSSF, ghorofa liko pale pale linaendelea kupangisha. Mzee wangu alikuwa kiwandani miaka mingi tu, tukipita Mafao House lazima aseme kuna tofali lake mule ndani na angependa kujua ni lipi.

Haya ya vioo ya juzi juzi siyachukii, ila mengine chini fremu za simu zimejaa mpaka ngazini, juu ghorofa tatu nzima bango la ofisi zinapangishwa mpaka limepauka kwa jua, na pa kupaki gari hakuna, mnapaki barabarani alafu mnalaumu bodaboda.

Chalii wangu wa darasa la sita yeye hataki kusikia habari za AICC. Anasema jengo la Arusha ni ule uwanja wa Olmoti unaojengwa kwa ajili ya AFCON ya 2027, wa watu elfu thelathini. Mimi namwambia uwanja sio jengo, yeye anasema una paa, una ngazi, una vyoo, kwanini usiwe jengo? Wahariri hapo naomba mtuamulie, maana mama yake ameshakataa.