Kabla hujamwambia mama "bado": kwa mnaoanza leba na kliniki ya wajawazito

Wadogo zangu mnaoanza leba mwezi huu, niwaambie mapema kabisa, mtoto wa kwanza niliyempokea peke yangu bila msimamizi nilimpokea mlangoni mwa choo. Glovu ilikua moja mkononi, ya pili bado iko mfukoni. Mama mwenyewe alikua mimba ya nne, kafika usiku, nikampima njia, yaani mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, nikakuta sentimita 5, nikajiambia hapa kuna muda wa kutosha maana darasani tulikaririshwa sentimita moja kwa lisaa, basi nikaenda zangu mezani kujaza faili. Nusu saa haijaisha anakuja taratibu kashika ukuta, "sista naomba niende haja kubwa". Nikamwonyesha choo kwa kalamu, hata kichwa sikunyanyua. Alafu nikasikia ule mguno. Ukishausikia mara moja huusahau, mguno wa mtu anayesukuma. Nafika mlangoni kichwa hicho kinaonekana.

Mtoto alilia vizuri, mama hakuchanika, aliyetetemeka mpaka asubuhi ni mimi. Mkunga mzee tuliyekua nae shifti hata hakunigombeza, alisema tu, aliyezaa watatu akikwambia anataka choo, vaa glovu kwanza ndo umuulize choo gani.

Sababu yake ni rahisi, kichwa kikishuka kinakandamiza utumbo wa mwisho kwahiyo anachokisikia ni kilekile cha kwenda choo, hakutanii wala hajachanganyikiwa. Na ile sentimita moja kwa lisaa, Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2018 lilishasema si kipimo cha kumpima kila mwanamke, wengine wanaenda polepole na wako salama tu, na uchungu uliokolea wakauanzishia sentimita 5 badala ya 4 ya zamani. Sema wengi wetu tulichukua upande mmoja wa hiyo habari, kwamba wapo wanaochelewa, tukasahau mzazi wa tatu au wa nne anaweza kutoka 5 mpaka mtoto mkononi kabla hujapata kalamu inayoandika.

Sasa mama kaingia anasema naumwa. Nawaona wengi mnakimbilia kupima njia. Subiri. Vuta kiti, kaa, weka mkono juu ya tumbo karibu na kilele cha mfuko wa uzazi, angalia saa dakika 10 kamili. Mkono uko pale umetulia, hubonyezi. Unahesabu vitu viwili tu, uchungu umekuja mara ngapi na kila ukija umekaa sekunde ngapi. Mimi nilifundishwa kupima ugumu kwa uso wangu mwenyewe: tumbo likikaza kama ncha ya pua huo bado mdogo, likiwa kama kidevu ni wa kati, likiwa kama paji la uso hapo ushakolea. Jiguse sasa hivi utaelewa. Uchungu uliokolea mara nyingi unakuja mara 3 au 4 ndani ya hizo dakika 10 na unakaa sekunde 40 na kuendelea, na katikati yake tumbo linalegea kabisa, ukiona halilegei hilo ni jambo lingine nitakuja nalo.

Wanaoitwa wana uchungu wa uongo, hilo neno silipendi kwa kweli. Mama anaumwa kweli, uongo uko wapi? Tofauti ni kwamba ule unakuja bila mpangilio, dakika 7 alafu 20 alafu 12, unakaa zaidi mbele, akibadili mkao au akinywa maji akajilaza unapungua. Huu wa kuzalia mara nyingi unaanzia mgongoni unazunguka kuja mbele, unazidi kukaribiana, na atembee aoge alale wenyewe unaendelea tu. Ila msiufanye huo mstari kua mnyoofu sana maana kuna mimba ya kwanza inakaa siku nzima na zaidi kwenye sentimita 2 mpaka 3, anaumwa, halali, na njia haiendi. Huyo hadanganyi na hajachelewa, yuko mwanzoni tu, anahitaji kuelezwa kinachoendelea. Kumwambia "wewe bado sana" ukageuka ukaondoka ndo mwanzo wa mtu kubaki nyumbani mara ya pili mpaka jua lizame.

Ute. Ule mzito wenye michirizi ya damu unawatisha sana wa mimba ya kwanza, na mara nyingi ni ile tu iliyokua imeziba mlango wa kizazi inatoka, inaweza kutoka leo na uchungu ukaja kesho au hata wiki ijayo. Muulize umetoka kiasi gani na akuonyeshe pedi, usikubali maneno matupu, "damu kidogo" ya mtu mmoja ni matone na ya mwingine ni pedi mbili zimelowa. Damu ikitoka kama ya hedhi hiyo siyo ute. Na hapa naomba mnisikie vizuri: anayetokwa damu hivyo usiingize vidole kupima njia mpaka ijulikane kondo la nyuma limekaa wapi, kama limeziba njia unaweza kuamsha damu ambayo huwezi kuizuia kwa mkono. Muite daktari, weka mshipa wa dripu, chukua damu ya kupima grupu. Na lile tumbo nililosema halilegei, gumu kama ubao na mama hataki hata kuguswa, fikiria kondo linabanduka hata kama damu ya nje ni kijiko, kwa sababu nyingine yote inaweza kua imejificha ndani. Hapo angalia mama mwenyewe, mapigo na presha, pedi itakudanganya.

Chupa ikipasuka maswali ni manne, saa ngapi, mengi kiasi gani, rangi gani, yananukaje. Wengi wanasema nadhani nimejikojolea, na kweli mimba ikiwa kubwa mkojo unatoka wenyewe ukicheka au ukikohoa. Mpe pedi safi, ajilaze nusu saa, kisha asimame akohoe, muangalie pamoja. Maji ya uzazi yanakua meupe ya kuonekana upande wa pili, au ya waridi kidogo, na hayana harufu ya mkojo. Yakiwa ya kijani mtoto kashajisaidia humo ndani, asikae nyumbani hata lisaa. Kitu cha kwanza chupa ikipasuka mbele yako ni kusikiliza mapigo ya mtoto, 110 mpaka 160 kwa dakika ndo tunapotaka, yakiwa yameshuka ghafla angalia kitovu kisije kua kimetangulia. Ukikikuta usikirudishe ndani, apige magoti kifua chini makalio juu, mkono wako unainua kichwa cha mtoto kisikibane, na unapiga kelele ya kuita msaada ukiwa hapohapo, mkono hautoki mpaka theatre, chumba cha upasuaji. Aliyepasuka chupa na uchungu haujaanza naye tusimchokonoe na vidole, kila kipimo ni njia ya wadudu kuingia.

Kliniki sasa, ambako mnapaona pa kuchosha. WHO toka 2016 wanashauri mahudhurio 8, na matano kati ya hayo yako baada ya wiki ya 28, yaani wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40, alafu kama hajajifungua arudi wiki ya 41. Kwanini yamerundikana mwisho? Kwa sababu presha ya mimba inaweza kua haipo Jumatatu na Ijumaa ikawa balaa.

Nikiwa mwaka wa pili kazini nilikua napima presha foleni ndefu hiyo, mama mmoja wiki ya 37 kaja anahema, 138 kwa 88, iko chini ya 140 kwa 90 basi mimi nishaandika namuita anayefuata. Akiwa anasimama akasema, kama anajisemesha tu, kichwa hiki tangu jana. Sijui nini kilinifanya nimrudishe kwenye kiti. Nikamuuliza macho je, akasema naona vinyota vinyota nilidhani ni usingizi. Mkojo ukasoma protini pluzi tatu, presha baada ya kutulia ikapanda 164 kwa 110, badala ya kushuka. Usiku ule alipewa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege la presha ya mimba, akazaa, wako salama wote wawili. Kwahiyo jamani namba ni namba ila muulize kichwa, macho, na maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uliza kila mmoja, hata wa mia moja kwa siku hiyo. Na presha yenyewe ipimeni kama watu, akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na mwenye mkono mnene tafuta kitambaa kikubwa maana kidogo kinakupandishia namba bure.

Tarehe ya kujifungua inaleta ugomvi kila wiki. Mama ana ultrasaundi mbili, ya mwezi wa tatu inasema hivi na ya mwezi wa nane inasema vile, anataka kujua ipi. Ya mwanzo. Ultrasaundi ya mwishoni inaweza kukosea hata wiki 3 kwa sababu watoto wakishakua kila mmoja ana umbo lake. Ukibadilisha tarehe kwa kufuata ile ya mwisho unaweza kumuanzishia uchungu mtoto ambaye hajaiva, au ukamuacha aliyepitiliza. Na muelezeni kua tarehe ni makadirio, kutoka wiki 37 hadi 42 yote ni majira yake.

Tumbo pima kwa tepu kutoka mfupa wa kinena mpaka kilele, sentimita zinakaribiana na wiki, zikipishana sana ulizeni. Wiki ya 36 hakikisheni mtoto katanguliza nini, kwa mikono kwanza, kichwa ni kigumu cha mviringo na kinacheza ukikisukuma, makalio ni laini na mwili wote unafuata. Kujua ametanguliza makalio wiki ya 36 kunampa mama nafasi ya kupanga, kujua leba saa nane usiku hakumpi chochote. Damu ya kupima wekundu isisahaulike, chini ya 11 tunaanza kuongea. Na akilalamika anawashwa viganja na nyayo usiku bila vipele msimpe losheni mkamaliza, ini lipimwe.

Kuna uongo mmoja umezagaa mpaka kwa baadhi yetu, kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa anatulia. Hapana. Mchezo unaweza kubadilika, teke linakua kama kujinyoosha kwa sababu nafasi imebana, lakini kupungua siyo. Kila mtoto ana mazoea yake, kuna wa asubuhi kuna wa usiku, mama ndo anayajua, akisema leo siyo yeye basi leo siyo yeye, aje siku hiyohiyo asisubiri kliniki ya wiki ijayo. Nimewahi kuona mtu anaambiwa nenda ukapumzike atacheza. Sitasema kilichofuata.

Ukiamua kumrudisha nyumbani, na mara nyingi ni sahihi kabisa kumrudisha, mwambie arudi uchungu ukija kila dakika 5 kwa muda wa kama lisaa, chupa ikipasuka hata bila maumivu, damu, kichwa na macho, homa, mtoto kupunguza kucheza. Alafu muombe akurudishie yeye kwa maneno yake, hapo ndo utajua amebeba mangapi, mara nyingi mawili. Muulize anakaa mbali kiasi gani na usiku atafikaje. Wa mimba ya pili kwenda juu, wa kisu cha zamani, yaani aliyewahi kuzaa kwa upasuaji, na aliye chini ya wiki 37, hao hizo dakika 5 msiwape, waje mapema.

Na mikono, kabla ya kugusa tumbo ipasheni joto kwanza, sugueni viganja. Mkono wa baridi ukitua tu tumbo linakaza lenyewe, unakaa unaandika uchungu mmoja kumbe umeuleta wewe.