Mtihani wa uwakili unavyosahihishwa, na wakati gani inafaa kuomba matokeo yapitiwe upya

Kila matokeo ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo yanapotangazwa, napokea simu na jumbe kutoka kwa vijana wa kwetu huku Nyanda za Juu Kusini. Wengi wao wamesoma shahada ya sheria Mzumbe kampasi ya Mbeya, Chuo Kikuu cha Iringa au Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, na baada ya shikamoo swali huwa lile lile: nikate rufaa, au nikubali kurudia mtihani? Nimepita njia hiyo mwenyewe kabla sijaapishwa, na kwa kuwa ofisi yangu ipo karibu na Mahakama Kuu hapa Mbeya, wadogo zangu hao huona ni rahisi kuja kukaa nami na karatasi zao. Ninachowaambia ndicho nitakachokieleza hapa kwa kirefu: usiamue lolote kabla hujaelewa alama yako imepatikanaje. Mapitio ya matokeo yamewekwa ili kurekebisha kosa lililotokea katika mchakato, na mtu anayeyaomba kwa sababu tu anaamini alistahili zaidi hupoteza fedha, na kibaya zaidi hupoteza wiki ambazo angezitumia kujiandaa.

Kwa wasioifahamu safari hii, shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ilianzishwa kwa Sheria Na. 18 ya mwaka 2007 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2008. Tangu hapo mhitimu wa shahada husoma huko kwa mwaka mmoja, sehemu darasani na sehemu kwenye mahakama na ofisi za mawakili, na akifaulu hutunukiwa stashahada ya uzamili. Ndipo anapoweza kupeleka maombi kwa Jaji Mkuu, kuapishwa, na jina lake kuandikwa katika orodha ya mawakili.

Wengi walianza kuuogopa mtihani huu mwezi Oktoba 2022, matokeo ya kundi la 33 yalipozagaa mitandaoni. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na walioondolewa masomoni walikuwa 265. Dkt. Damas Ndumbaro, aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, ambaye watu wa Kyela wanamfahamu vizuri kama mbunge wao wa zamani, ichunguze kulikoni. Kilichozungumzwa sana ni ile 26. Mimi niliitazama zaidi ile 342, kwa sababu ni zaidi ya nusu ya wanafunzi wote, na hao hawakuwa wamefika mwisho wa safari. Mlango wao ulikuwa bado wazi, ila walihitaji mtu wa kuwaonyesha ni wapi alama zilikopotelea.

Katika mtihani wowote wa kitaaluma unaoendeshwa vizuri, anayesahihisha haoni jina lako. Anaona namba ya mtihani na kitabu cha majibu, na pembeni yake kuna mwongozo wa usahihishaji ulioandaliwa pamoja na maswali. Mwongozo huo huligawa swali vipande vipande: alama kadhaa kwa kutambua hoja, kadhaa kwa kutaja kifungu au uamuzi wa mahakama unaohusika, kadhaa kwa kuitumia sheria hiyo kwenye mazingira ya mteja aliyeelezwa, na kadhaa kwa ushauri au nyaraka uliyotakiwa kuandaa. Vitabu vikishasahihishwa, baadhi yake hupitiwa na mtu wa pili, mara nyingi mtahini wa nje, yaani asiye wa taasisi hiyo, ili kuona kama msahihishaji mmoja amekuwa mkali au mlegevu kupita wenzake, na mwisho bodi ya mitihani hukaa na kuidhinisha matokeo. Kwa hiyo hadi alama inapobandikwa huwa imepita mikononi mwa watu kadhaa, na ni vyema mwombaji wa mapitio akalijua hilo kabla hajachukua kalamu.

Nichukue mfano mmoja ambao nimeuona ukiwaangusha wengi. Mtahiniwa anaambiwa aandae hati ya kiapo ya kuunga mkono maombi ya mteja anayetaka kuongezewa muda wa kukata rufaa. Anaandika kurasa tatu zilizojaa bidii: anaeleza ugonjwa wa mteja, anaeleza sababu za kuchelewa, kisha anaingiza hoja za kisheria, anataja kesi mbili, na anamalizia kwa kuiomba mahakama ikubali maombi. Kwa macho ya mwanafunzi hilo ni jibu zuri. Kwa macho ya msahihishaji, hoja na maombi vimewekwa mahali pasipo pake. Hati ya kiapo ni mahali pa mambo ya kweli tu, na tangu uamuzi wa kesi ya Matovu nchini Uganda mwaka 1966, ambao mahakama zetu zimeufuata kwa miaka mingi, inafahamika kwamba maombi, mabishano ya kisheria na hitimisho la muapaji havitakiwi kuwamo. Tazama na sehemu ya chini ya ukurasa. Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania inamtaka kamishna wa viapo, yaani anayemwapisha muapaji, aandike jina lake, na aonyeshe ni wapi na tarehe gani kiapo kimechukuliwa, lakini mtahiniwa ameacha nafasi ya saini peke yake. Hakuna uthibitisho unaotenganisha anayoyajua muapaji mwenyewe na yale aliyoambiwa na mtu mwingine, na hakuna jina la aliyeandaa hati, jambo ambalo Sheria ya Mawakili inalidai. Kila kimoja kati ya hivyo kina alama yake kwenye mwongozo, na kurasa tatu za bidii haziwezi kufidia mistari minne iliyokosekana. Mtahiniwa huyu akiomba kusahihishiwa upya, msahihishaji wa pili atakuwa na mwongozo ule ule mkononi na atakuta mapengo yale yale.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba ujuzi wa namna mtihani unavyosahihishwa unafaa zaidi kabla ya mtihani kuliko baada yake. Mtu anayejua kwamba alama hutolewa kwa vipande ataanza jibu lake kwa kutaja hoja, ataweka kifungu kwenye sentensi inayoonekana, na hataacha swali hata moja bila kuligusa, kwa sababu alama za mwanzo za swali jipya hupatikana kwa urahisi kuliko alama za mwisho za swali ambalo ameshalieleza kwa kurasa nne.

Jambo lingine ambalo vijana hulisahau ni kwamba alama ya somo mara nyingi ni jumla ya vitu kadhaa. Kwa majirani zetu wa Kenya, mtihani unaosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria la huko huchukua asilimia 60 kutoka kwenye mtihani wa kuandika, 20 kutoka kwenye mtihani wa mdomo na 20 kutoka kwenye kazi ya mradi, na kiwango cha kufaulu ni asilimia 50. Aliyepata kidogo kwenye mdomo na mradi hawezi kuokolewa na kusahihishwa upya kwa kitabu chake ikiwa kitabu hicho tayari kilipata alama nzuri. Kabla hujaandika barua yoyote, tafuta mchanganuo wa alama zako na uone pengo liko upande gani, kisha soma kanuni za mitihani za taasisi yako ujue kama upande huo unaweza kabisa kuombewa mapitio.

Kuna wanaoniambia kwamba kwa wenzetu walioendelea mambo haya hayana utata. Si kweli. Katika majimbo ya Marekani yanayotumia mtihani wa pamoja, alama ghafi hugeuzwa kuwa alama za kipimo kimoja chenye ukomo wa 400, ili mtahiniwa wa mwaka wenye maswali magumu asionewe, na kila jimbo huweka mstari wake wa kufaulu. New York umewekwa 266. Hata maswali ya kuchagua jibu, ambayo ni 200, yanayohesabiwa ni 175 tu, kwa kuwa 25 huwa yanafanyiwa majaribio kwa ajili ya mitihani ijayo, na mtahiniwa haambiwi ni yapi. Uingereza nako, kwenye mtihani wa kuwapata mawakili uliofanyika Januari 2024, watahiniwa 175 waliambiwa wamefeli ilhali walikuwa wamefaulu, na kosa lilikuwa kwenye namna tarakimu zilivyokadiriwa wakati wa kukokotoa alama za mwisho. Liligundulika na kutangazwa mwezi Aprili mwaka huo, wakati baadhi yao walikuwa wameshapoteza nafasi za kazi walizoahidiwa. Habari ile iliniuma sana, na siku zote huwakumbusha wanaodhani kwamba kuomba uhakiki ni utovu wa nidhamu. Mashine hukosea na watu hukosea, na mtahiniwa ana haki ya kuuliza.

Ila aulize kitu sahihi. Kuhakiki alama maana yake ni kuangalia kama kila ukurasa umesahihishwa, kama kijitabu cha nyongeza kiliunganishwa, na kama jumla imejumlishwa sawasawa na kuingizwa sawasawa kwenye orodha. Ni sawa na kulirudisha gunia la viazi kwenye mizani: uzito unaweza kusomwa upya, viazi vilivyomo ni vile vile. Kusahihisha upya ni jambo zito zaidi, kwani msahihishaji mwingine husoma majibu yote na kutoa alama zake, na pale kanuni zinaporuhusu, alama inaweza kupanda, kubaki au kushuka. Rufaa ni jambo la tatu, nayo huhusu kasoro katika uendeshaji wa mtihani au dharura kama ugonjwa na msiba ambayo bodi haikuijua ilipokaa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotoa nafasi ya kusema tu kwamba mtahini alipaswa kuvutiwa zaidi na jibu lako.

Binti mmoja kutoka upande wa Makambako alinijia akiwa na masomo matatu ya kurudia, na alikuwa ameshaandika barua ya kulalamikia yote matatu. Nilimwomba tusiitume kwanza. Tuliketi na maswali, akaandika upya kutoka kichwani kile alichokumbuka kuwa alijibu, kisha tukafungua sheria zenyewe, moja baada ya nyingine. Kwenye mwenendo wa mashauri ya madai aliona mwenyewe kwamba hakueleza ni kwa nini mahakama aliyoichagua ina mamlaka ya kusikiliza shauri, wala hakutaja thamani ya mali inayobishaniwa, mambo ambayo hati ya madai lazima iyabebe. Kwenye maadili ya mawakili alikuwa amejibu kwa busara za jumla bila kutaja kanuni yoyote. Somo la tatu tu ndilo lililobaki na shaka ya kweli, kwa kuwa alikuwa ametumia kijitabu cha nyongeza na alama ilikuwa chini mno ikilinganishwa na kazi zake nyingine. Akaomba uhakiki kwa somo hilo moja, akajibiwa kwamba jumla ilikuwa sahihi, na kwa kuwa kwa wiki zote hizo hakuwa ameacha kusoma, alirudia masomo yote matatu na kuyapita. Leo tunakutana kwenye korido za mahakama na kuitana wasomi, kama ilivyo desturi ya mawakili.

Wapo wanaoniuliza kuhusu kwenda mahakamani. Inawezekana, kwa njia ya mapitio ya mahakama, na Mahakama Kuu ipo hapa Mbeya na Iringa. Lazima kwanza uombe kibali, na maombi hayo yapelekwe ndani ya miezi sita tangu uamuzi unaoulalamikia; ukipata kibali, una siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Mahakama haitasahihisha mtihani wako. Itaangalia kama chombo kilichoamua kilikuwa na mamlaka, kama kilifuata kanuni zake, na kama ulipewa nafasi ya kusikilizwa pale ulipostahili, na itataka kuona kwamba ulimaliza kwanza njia za ndani ya taasisi. Kwa hiyo tunza kila barua, kila risiti na kila jibu, hata lile la mistari miwili.

Barua yenyewe iwe fupi. Andika namba yako ya mtihani, somo, tarehe ya mtihani, unachoomba kifanyike kati ya yale matatu niliyoyataja, kanuni inayokuruhusu kuomba, na sababu moja au mbili zinazoweza kuthibitishwa, kwa mfano kwamba ulitumia vijitabu viwili na ulisaini kuvipokea. Usiandike habari za wazazi waliouza maparachichi ili ulipiwe ada, ingawa najua ni za kweli na najua zinavyouma. Bodi haina kipengele cha kuziwekea alama. Ipeleke ndani ya muda uliowekwa, upate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na kesho yake asubuhi ufungue tena vitabu vya somo hilo hilo, kwa maana tarehe ya mtihani wa marudio haisubiri majibu ya barua yako.