Urojo wiki ya pili? Bado, shoga

Umeuliza kama urojo, ile supu ya Zanzibar, unafaa wiki ya pili baada ya operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula tumboni, maana ni majimaji. Majimaji ndiyo, ila una embe, ndimu na pilipili, na bajia zake ndiyo kabisa! Mimi nilikuwa na maziwa na supu ya samaki changu iliyochujwa, nikinywa kwa kile kikombe kidogo cha kahawa ya barazani, kimoja kwa nusu saa. Ukigugumia, yote yanarudi. Samaki wa kuponda alikuja wiki ya tatu, daktari aliporuhusu. Maji usichanganye na chakula, subiri nusu saa. Homa, moyo kwenda mbio au tumbo kuzidi kuuma, hospitali usiku huo huo.