Vepu au sigara: ipi ina madhara zaidi?

Ndugu, umeuliza kama uache sigara uhamie vepu (sigara ya kielektroniki), na kama mdogo wako naye aijaribu. Sigara ni mbaya zaidi, hilo halina ubishi: tumbaku ikiungua hutoa lami na kaboni monoksidi, ndizo zinazomaliza mapafu na moyo. Vepu haichomi, inapasha moto kimiminika tu, kwa hiyo sumu hupungua sana. Ila nikotini, ile inayokufanya ushindwe kuacha, ni ileile. Na epuka vepu za magendo: Marekani mwaka 2019 zaidi ya watu 2,000 walilazwa, wengi wao walivuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na vitamini E. Wewe ukihama, hama kabisa. Ukichanganya vyote viwili hujapona. Mdogo wako asiyevuta, tafadhali asiguse hata vepu ya ladha ya embe.