Ukisema "nina mawazo", umeshautaja ugonjwa

Mama yangu alizikwa Kisarawe siku ya Jumatano. Ijumaa asubuhi nilikuwa ofisini Dar es Salaam, nimevaa vizuri, najibu simu. Nilijiambia mama hakupenda mtu wa kulialia. Tanga likaanuliwa bila mimi.

Miezi miwili baadaye nikaanza kuumwa. Moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Utosini panawaka moto. Usingizi unakatika saa nane usiku, nabaki naangalia dari mpaka adhana ya alfajiri. Nilipima malaria, presha, sukari, nikapigwa hadi kipimo cha moyo. Majibu yote safi. Daktari wa tatu akaniambia, "Dada, wewe huumwi." Nikatoka na vidonge vya maumivu, na aibu, kana kwamba nilikuwa nimesema uongo.

Aliyenitambua ni mama mdogo. Nilimpigia hodi, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuuachia mkono wangu.

"Umelalaje?"

"Salama, mama."

"Sijakuuliza habari. Nimekuuliza usingizi."

Nikanyamaza. Akanitazama kitambo. "Una mawazo, mwanangu. Tanga lako hujalianua."

Nataka msomaji wangu ulishike hilo neno, kwa sababu tumelizoea mpaka hatulisikii tena. Mtu akituambia ana mawazo tunamjibu "usiwaze sana", tunaendelea na mambo yetu. Kumbe ameshataja ugonjwa wake, tena kwa jina sahihi. Washona wa Zimbabwe wanauita kufungisisa. Kwao kufunga ni kuwaza, na ile -isisa ya mwisho inakisukuma kitendo mpaka kinazidi: kuwaza kupita kiasi, wazo moja linazunguka kichwani kama ng'ombe kwenye kinu. Wanajua kabisa kwamba linashuka mwilini, linakuwa kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi. Yaani mimi mzima mzima.

Sasa tazama tulivyosomwa na watu wasiojua maneno haya. J.C. Carothers aliiongoza hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha maandishi yake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alimfananisha Mwafrika mwenye afya zake na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo, na akaona kwamba sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ni nadra kwetu. Nadra! Kila nikifikiria hilo naumia. Bibi zetu walikuwa wanasema moyo umekuwa mzito, kifua kimejaa, roho haitulii, na mtu mwenye kalamu akaandika kwamba hawana huzuni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukienda hospitali, usipeleke kichwa na moyo peke yake. Mwambie daktari na kilichotokea. Sema, "Nilifiwa na mama mwezi wa tatu, na tangu hapo nina mawazo, silali." Madaktari wale watatu hawakuniuliza, ni kweli, lakini na mimi sikuwaambia. Nilidhani msiba si habari ya hospitali.

La pili ni salamu. Tuna salamu ndefu kuliko watu wengi duniani, na tumezigeuza wimbo: habari, nzuri, za nyumbani, nzuri, watoto, wazima. Zikitumiwa sawasawa ni kipimo. Umelalaje, umeamkaje, umekula nini jana. Sikiliza sauti inaposhuka kwenye "tunamshukuru Mungu". Anayekujibu "hivyo hivyo" amekufungulia mlango kidogo, usimpite.

Sasa nirudi kwenye tanga, maana hapa ndipo nilipopona.

Mama mdogo hakunipa mawaidha marefu. Alipanga Jumamosi moja, miezi mitano baada ya mazishi, isomwe khitma ndogo nyumbani Kisarawe. Akatandika mikeka, akaniketisha chini pamoja na wadogo zangu, na akamwita mtani wetu. Sisi ni Wazaramo; mtani huyu ni mama wa Kinyamwezi aliyekuwa jirani na rafiki wa mama kwa miaka mingi. Utani wetu ni wa tangu enzi za misafara, watu wa bara walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu, na kazi yake kubwa kabisa inaonekana msibani: mtani anapika, anaamrisha, anadai fedha, anamtukana marehemu na hakuna wa kumkasirikia.

Dua ilipokwisha mtani akaingia ndani. Akatoka amejifunga kanga ya mama, ile iliyoandikwa "Nani kama mama", na miwani imeshuka puani vilevile mama alivyokuwa akiivaa. Akatembea ule mwendo wake wa mguu mmoja mzito. Akasimama mbele yangu, akanyoosha kidole: "Wewe! Umenizika Jumatano, Ijumaa uko kazini. Hiyo kazi ndiyo iliyokunyonyesha?" Sauti ni ya mama kabisa. Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, na kicheko kikageuka katikati, nikalia kilio ambacho sikujua kama ninacho. Nikalia mpaka nikalala palepale kwenye mkeka. Nililala saa nne mfululizo.

Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuniambia yale maneno. Kaka yangu angeniambia, tungegombana mpaka leo. Daktari angeniambia, ningemwona mkatili. Mtani ana ruhusa, na wahenga walioiweka ruhusa hiyo walimjua binadamu.

Kwa hiyo kama ulikimbia msiba, rudi. Hata kama ni mwaka umepita. Waite wachache mliokuwa na marehemu, kaeni chini, mtajeni kwa jina, pikeni alichokipenda. Lakini wakikuambia "jikaze" au "mwanamume halii", hapo usiwasikilize. Hilo nalo tunalisema misibani na limewaharibu wengi.

Kulia hakukumaliza kila kitu, nisikudanganye. Yalibaki mambo ya kutatuliwa, na hapo nilisaidiwa na nilichojifunza kuhusu mabibi wa Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi katika mtaa wa Mbare akiwa na bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii, na benchi nje ya zahanati. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili. Bibi wakamwambia kwa jina hilo hakuna atakayelikalia, wakampa la Kishona lenye maana ya kiti cha kupeana mashauri. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 573 katika zahanati 24 za Harare: baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa wamepata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Bibi anaanza na kuvhura pfungwa, kufungua akili: unamwaga yote. Kisha mnachagua tatizo moja, moja tu, mnalitafutia hatua ya kuchukua wiki hiyo. Nilifanya hivyo na mama mdogo barazani kwake. Yangu yalikuwa matano: ada ya mdogo wangu, deni la mazishi, kiwanja, ugomvi na kaka, na sanduku la nguo za mama ambalo nilikuwa siwezi kulifungua. Nilidhani atachagua deni. Akachagua sanduku. Tukaligawa siku mbili baadaye, na deni likaanza kuonekana kama deni tu.

Mchague mtu wako kwa uangalifu. Awe mtu mzima, mwenye siri, asiyekukatiza ili asimulie yake.

Na kuna mahali mkeka na benchi haviwezi. Ukisikia sauti wasizosikia wengine, ukikaa siku nyingi bila kulala wala kula, ukianza kufikiria kujiua, nenda hospitali leo, na usiende peke yako. Daktari wa akili Thomas Adeoye Lambo alipoanza kazi yake Aro, Abeokuta, Nigeria mwaka 1954, wagonjwa walikuwa wakikaa katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao huku wakipata dawa za hospitali. Ndugu alikuwa sehemu ya tiba. Mgonjwa wako usimfunge kamba, wala usimwache getini. Ingia naye kwa daktari, useme unayoyajua.

Mama mdogo bado ananipigia simu kila Ijumaa, asubuhi, kabla sijatoka. Hasemi habari za asubuhi.

"Umelala?"

Na mimi sasa namjibu kweli.